Chanjo ya homa ya ini B: kinga inakaa miaka mingapi? Kadi inasema 5, wengine wanasema maisha

#1 Mwaloni_Alfajiri
Wakuu salaam. Wa maabara na wa chanjo msinipite.

Wanafunzi wa uuguzi mwaka wa kwanza, hapa Mwanza, wote wamezaliwa 2004 kuja mbele. Tanzania Bara chanjo hii iliingia kwenye ratiba ya watoto 2002, kwa hiyo hawa ni kizazi kilichochomwa kingali kichanga. Kadi za kliniki zipo, mihuri mitatu ipo. Kabla ya kuingia wodini wakapimwa kingamwili (anti-HBs). Wengi wamesoma chini ya 10 (mIU kwa mililita), baadhi wamesoma sifuri.

Wakati huohuo kuna kadi za watu wazima mjini hapa zimeandikwa kwa kalamu nyekundu "rudia kila miaka 5". Na wapo wanaosema ukimaliza tatu umemaliza, hadi kaburini.

Sasa tushike lipi? Tuwachome tatu upya, moja, au tuwaache?

#2 Dagaa_Mkavu
Maisha. Uzi ufungwe.

#3 SatoWaNansio
#2 usifunge uzi kabla chai haijapoa. Sifuri ni sifuri. Mtu mwenye sifuri anakwenda kutoa damu kwa mgonjwa, unamwambia "maisha"?

#4 BibiChanjo
Nawajibu wote wawili, maana mmechanganya vitu viwili: kingamwili zinazoelea kwenye damu, na kumbukumbu ya mwili.

Kiwango cha 10 kina maana moja tu: ukipimwa mwezi 1 hadi 2 baada ya dozi ya mwisho ukawa na 10 au zaidi, mwili wako umeitikia chanjo. Basi. Hakikuwekwa ili mtu apimwe miaka 18 baadaye aambiwe kinga imeisha. Kingamwili hushuka kwa kila mtu, na kwa aliyechanjwa akiwa mchanga hushuka haraka zaidi. Akifika miaka 15 hadi 20, kusoma chini ya 10 ni jambo la kawaida kabisa.

Kinachobaki ni seli za kumbukumbu. Kirusi hiki hakina haraka. Tangu kiingie mpaka dalili zitokee ni siku 30 hadi 180, mara nyingi kama miezi mitatu. Mwili wenye kumbukumbu hauhitaji miezi mitatu, ndani ya siku chache hadi wiki mbili unakuwa umezalisha kingamwili upya. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani halipendekezi dozi ya kurudia kwa mtu mwenye kinga nzima aliyekamilisha ratiba.

#5 Mpima_Damu
Kabla hamjaenda mbali, Mwaloni: kipimo gani? Cha ukanda au cha mashine inayotoa namba?

Ukanda wa anti-HBs unakupa mstari au hakuna mstari. Hauwezi kukutofautishia 8 na 0, na mstari hafifu kila mtu anausoma kwa macho yake. Kama "sifuri" zako zimetoka kwenye ukanda, huna sifuri, una "haukuonekana". Mashine ndiyo inatoa namba, nayo ukipima sampuli moja kwenye mashine mbili tofauti usishangae ikasoma 7 huku na 12 kule. Karibu na 10 msigombane kwa sababu ya desimali.

Jingine: wamepimwa HBsAg (ganda la kirusi lenyewe kwenye damu) na anti-HBc (kingamwili za aliyewahi kukutana na kirusi)? Usianze kuzungumza kinga kabla hujajua kama mtu hana kirusi chenyewe. Anti-HBs sifuri kwa mtu mwenye HBsAg chanya ndivyo inavyotarajiwa, na chanjo kwake haina kazi.

#6 Mwaloni_Alfajiri
#5 mashine, namba kamili. HBsAg wote hasi. Anti-HBc haikupimwa.

#7 Mzee_wa_Igoma
Bibi amesema kweli, naongeza ushahidi. Kule Alaska walichanja watoto wachanga mwaka 1981, wakawapima baada ya miaka 30. Nusu bado walikuwa na 10 na zaidi, na waliobaki walipochomwa dozi moja, karibu 9 kati ya 10 wakapanda. Miaka 30 hiyo.

#8 Furu_Mweusi
#7 nakusahihisha kidogo mzee wangu. Wale wa Alaska hawakuwa wachanga. Walioingia walianzia miezi sita hadi watu wazima. Na chanjo yenyewe ilikuwa ile ya kwanza iliyotengenezwa kwa utegili (majimaji ya damu) wa watu wenye kirusi, siyo hii ya leo ya hamira iliyoanza 1986. Namba zako ziko sawa (51% walikuwa na 10 na zaidi, na 88% ya waliokuwa chini waliitikia dozi moja), lakini huwezi kuzibeba zote ukamvalisha mtoto wa Sengerema aliyechomwa tatu mfululizo akingali mchanga.

Hapo ndipo penye shida. Ratiba ya mtu mzima ni 0, 1 na miezi 6. Ile nafasi ndefu kabla ya dozi ya tatu ndiyo inayopandisha kilele cha kingamwili. Watoto wetu dozi zao zimebanana ndani ya wiki 8 tu, kwa sababu zinasafiri pamoja na za kifaduro, pepopunda na dondakoo. Ratiba ile ilipangwa hivyo ili kuwahi, maana mtoto mchanga akiambukizwa uwezekano wa kubaki na kirusi maisha yote ni karibu 90%, wakati mtu mzima hauzidi 5%. Kuwahi ni sahihi, ila kilele kinakuwa kifupi, na kilele kifupi kinafika chini ya 10 mapema. Kwangu mimi hilo linatosha kueleza sifuri za Mwaloni.

#9 Dagaa_Mkavu
Subiri, chanjo ya hamira? Hamira hii ya maandazi?

#10 Furu_Mweusi
Ndiyo hiyohiyo. Hamira inapachikwa kipande cha jeni ya kirusi, inazalisha ganda lake la nje, ganda linasafishwa na kuchanganywa na chumvi ya alumini. Hakuna kirusi ndani, kwa hiyo chanjo haiwezi kukupa homa ya ini. Mwenye mzio mkali wa hamira ndiye wa kuuliza kwanza.

#11 Dagaa_Mkavu
Kumbe nimekuwa nikijichanja kila asubuhi pale Kirumba.

#12 Kamanga_Feri
Mnasahau jambo ambalo kila aliyebeba boksi la chanjo kwenda visiwani analijua. Mnazungumza kana kwamba muhuri kwenye kadi ni chanjo mwilini. Muhuri ni ushahidi kwamba sindano iliingia, sindano yenye nini ni swali lingine.

Chanjo hii inaogopa barafu kuliko joto. Joto inalivumilia kuliko nyingi: hata ikikaa kwenye nyuzi 37 kwa wiki kadhaa bado haijafa. Ila inaganda kwenye nyuzi nusu hivi chini ya sifuri, na ikiganda chumvi ya alumini inashikamana mabonge. Ikiyeyuka inaonekana maji tu, mtu anachoma, kadi inagongwa.

Inagandia wapi? Sehemu tatu. Kwanza, friji ya nyumbani iliyotumika kama ya chanjo, kichupa kimewekwa chini ya sehemu ya kugandishia au kimegusa ukuta wa nyuma. Pili, umeme umekatika, umerudi usiku, mtu kaongeza nguvu ya friji "ili ipoe haraka", asubuhi iko chini ya sifuri. Tatu, na hii ndiyo kubwa, pakiti za barafu zimetolewa zikiwa jiwe zikaingizwa moja kwa moja kwenye boksi, safari inayochukua saa nne hadi Ukerewe au Ukara, vichupa vimelala ubavuni mwa barafu. Pakiti inatakiwa ikae nje mpaka itoe jasho na ukiitikisa usikie maji yanacheza ndani. Wangapi wanasubiri hilo wakati feri inapiga honi?

Na ile alama ya mraba kwenye kichupa inayobadilika rangi, inapima joto tu. Barafu haioni kabisa. Unaweza kuwa na alama nzuri kabisa na chanjo iliyokufa.

#13 SatoWaNansio
#12 kwa hiyo mtu atajuaje kama kichupa kimeganda?

#14 Kamanga_Feri
Jaribio la kutikisa. Chukua kichupa kingine cha mtengenezaji yuleyule na bechi ileile, kigandishe usiku mzima kiwe barafu, kiache kiyeyuke chenyewe, andika wazi "kimegandishwa" kisije kikachomwa mtu. Shika hicho pamoja na unachokishuku mkono mmoja, tikisa kwa nguvu sekunde 10 hadi 15, viweke mezani bila kuvigusa nusu saa. Kilichogandishwa kitaacha maji maangavu juu na mashapo chini haraka. Unachokishuku kikituama polepole kuliko hicho, tumia. Kikituama sawa naye au haraka zaidi, tupa. Bechi tofauti usilinganishe, utajidanganya.

Na ukikiona kichupa kimeganda wazi kabisa usihangaike na jaribio. Tupa.

#15 BibiChanjo
Kamanga, yote uliyoandika ni sahihi na ningependa yabandikwe ukutani kila zahanati. Ila hayajibu swali la #1. Sifuri ya miaka 20 haikwambii kama chanjo iliganda, au ilifanya kazi kisha kingamwili zikashuka, au dozi zilibanana kama anavyosema Furu. Zote tatu zinatoa sifuri ileile.

Kinachoweza kuzitenganisha ni dozi moja ya kuuamsha mwili:

1. Choma dozi moja kamili ya mtu mzima (mililita 1) kwenye msuli wa bega.
2. Pima anti-HBs mwezi 1 hadi 2 baadaye. Ukichelewa miezi sita umepoteza maana ya kipimo.
3. Imepanda 10 au zaidi: kumbukumbu ilikuwepo. Andika matokeo kwenye kadi, mtu asipimwe tena.
4. Bado chini ya 10: kamilisha dozi mbili zilizobaki, pima tena mwezi 1 hadi 2 baada ya ya mwisho.
5. Bado chini baada ya hapo: pima HBsAg na anti-HBc kuhakikisha hana maambukizi, kisha mhesabu kama mtu asiyeitikia. Huyo akichomwa na sindano ya mgonjwa anahitaji kingamwili za kupewa tayari (HBIG), chanjo peke yake haimtoshi.

Kwa hiyo Mwaloni, anza na moja. Ukirukia tatu kwa kila mtu unatumia chanjo mara tatu na hujajifunza chochote.

#16 Mpima_Damu
Naunga mkono, na nyongeza moja ya maabara: baada ya kuchoma usimpime mtu HBsAg wiki zilezile. Ganda la chanjo lenyewe ni HBsAg, linaweza kuonekana kwenye damu hadi wiki tatu hivi. Mtu anachanjwa Jumatatu, Ijumaa anakwenda kuchangia damu, anarudishwa na jibu chanya, ndoa inatikisika bure. HBsAg kwanza, chanjo baadaye.

#17 Gendarme_wa_Mabatini
Mi naona mnalindana tu. Kama kumbukumbu ni ya uhakika hivyo, kwa nini Taiwan walioanza kuchanja watoto wachanga 1984 wanakuta vijana waliochomwa utotoni, wanachomwa dozi ya kuamsha, na baadhi hawaamki? Seli nazo husahau. Kadi ya miaka 5 labda inazidisha, ila "maisha" nayo ni kauli ya matumaini.

#18 BibiChanjo
#17 wapo wasioamka, kweli. Lakini angalia walichokipata kwenye maradhi yenyewe: Taiwan saratani ya ini kwa watoto ilishuka, na wenye kirusi cha kudumu kwenye kizazi kilichochanjwa wakapungua sana. Gambia, vijiji vya Keneba na Manduar vilivyoanza 1984, kingamwili zilishuka na baadhi ya watu wakaonyesha anti-HBc, maana yake walikutana na kirusi. Waliobaki nacho wakawa wachache mno. Kutoamka kwenye kipimo siyo lazima uwe mtupu, kuna upande wa kinga ambao kipimo cha damu cha kawaida hakiuoni.

#19 Gendarme_wa_Mabatini
"Upande ambao kipimo hakiuoni" ni jibu zuri sana. Hata mganga wa kule kwetu analitumia.

#20 Mzee_wa_Igoma
😂😂 Gendarme utafungiwa.

Ila mimi nina dhana nyingine. Gambia na huku kwetu kirusi kipo mtaani. Aliyechanjwa anakutana nacho mara kwa mara bila kujua, kila mara mwili unakumbushwa. Yaani dozi ya kuongezea anaipata bure. Sasa kadiri watoto wengi wanavyochanjwa, kirusi kinapungua, na huko kukumbushwa nako kunapungua. Pengine kizazi cha sasa kitasahau kuliko kile cha mwanzo.

#21 Mpima_Damu
#20 ndiyo maana niliuliza anti-HBc. Chanjo ina ganda la nje tu, haiwezi kuleta anti-HBc. Ikionekana, mtu alikutana na kirusi chenyewe. Mwaloni akiipima kwa hao wanafunzi atajua kama dhana ya mzee ina miguu au la.

#22 Ziwa_Halina_Mlango
Samahani kuingilia. Mtu mzima alichoma mbili, ya tatu akaruka, sasa imepita miaka minne. Anaanza moja?

#23 Furu_Mweusi
#22 haanzi upya. Anaendelea na ya tatu leo. Nafasi ikirefuka haifuti dozi zilizotangulia, kinachoharibu ni kuzibana: ya pili isiwe chini ya wiki 4 baada ya ya kwanza, ya tatu isiwe chini ya wiki 8 baada ya ya pili na wiki 16 baada ya ya kwanza. Akiwa na haraka ya safari ipo ratiba ya siku 0, 7 na 21, lakini hiyo inadai ya nne baada ya miezi 12, na watu wengi hawairudii.

#24 Ziwa_Halina_Mlango
Wabeja mkuu.

#25 SatoWaNansio
Na wale watu wazima wanaochomwa tako?

#26 Kamanga_Feri
Hao ndio wanaokuja na kadi safi na sifuri ya kweli. Takoni kuna mafuta, chanjo inalala kwenye mafuta, mwitikio unakuwa dhaifu. Mtu mzima ni msuli wa bega, mtoto mchanga ni paja, mbele kwa nje. Na sindano iwe na urefu wa kufika kwenye msuli. Mtu mnene ukimchoma kwa sindano fupi ni kama umemchoma takoni.

#27 BibiChanjo
Na msisahau umri. Mwenye afya chini ya miaka 40, zaidi ya 9 kati ya 10 wanaitikia dozi tatu. Baada ya hapo inashuka, akifika 60 ni kama 3 kati ya 4. Sigara, unene, kisukari, figo na VVU vinashusha zaidi. Hawa hoja ya "maisha" haiwahusu moja kwa moja. Anayesafishwa damu kwa mashine ya figo anachomwa dozi kubwa, mikrogramu 40, na anapimwa kila mwaka. Akishuka chini ya 10 anaongezewa. Kwake namba ina maana kwa sababu hatuiamini kumbukumbu yake.

#28 Jiwe_la_Kapripointi
Hakuna aliyetaja kichocho? Sisi wa pwani ya ziwa ndio tunaotakiwa kukitaja. Mtoto anayeogelea tangu ana miaka mitatu ana minyoo ya kichocho cha tumbo, na minyoo hii inajulikana kuuvuta mwili kwenye mwelekeo mwingine wa kinga. Inawezekana kabisa inadhoofisha mwitikio wa chanjo, au inafanya kingamwili zishuke mapema. Sifuri za Mwanza zisisomwe kama sifuri za Alaska.

#29 Furu_Mweusi
#28 dhana nzuri ila ina tatizo la saa. Mtoto wa wiki 6 bado hajaogelea. Kichocho kinaweza kugusa chanjo ya mtu mzima, au kumbukumbu baadaye, lakini siyo ule mwitikio wa kwanza wa utotoni. Labda mama yake alikuwa nacho akiwa mjamzito, hapo unaweza kubishana.

#30 Jiwe_la_Kapripointi
Nabishana hapohapo kwa mama. Na jambo jingine la kwetu: anayetapika damu kisiwani, ini limekakamaa, si lazima iwe homa ya ini B. Kichocho kinafanya hivyo hivyo. Watu wanasema "alichanjwa na bado ini limemuua" kumbe ni kichocho, chanjo inabeba lawama isiyo yake.

#31 Dagaa_Mkavu
Na mwingine anasema ameipata kwa kula sahani moja na mgonjwa.

#32 Mpima_Damu
#31 hapana. B ni damu, ngono, na mama kwa mtoto wakati wa kujifungua. Sahani ni habari ya A na E. Ila wembe, mswaki na sindano visichangiwe kamwe, kirusi kinakaa hai kwenye damu iliyokauka angalau siku 7.

#33 Gendarme_wa_Mabatini
Tumerudi mwanzo: nani aliandika miaka 5 kwa kalamu nyekundu?

#34 Mzee_wa_Igoma
Haikuokotwa jalalani. Uingereza kwa miaka mingi walishauri wahudumu wa afya wapate dozi moja ya kuongezea baada ya miaka mitano, na walitaka mtu afike 100, siyo 10. Waliosoma vitabu vya huko wakaja nayo.

#35 Kamanga_Feri
Au mwenye friji ana vichupa vinakaribia kuisha muda wake.

#36 BibiChanjo
Vyote viwili vinaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja 😀. Ila hata ule ushauri wa Uingereza ulikuwa dozi moja, mara moja. "Kila miaka 5" ni tafsiri ya hapa mjini.

#37 Mwaloni_Alfajiri
Nashukuru wakuu. Nimekubaliana na dozi moja kisha kipimo, na nitaongeza anti-HBc kabla ya kuchoma, siyo baada. Friji nimeikagua leo: vichupa vilikuwa vimegusa ukuta wa nyuma. Nimevitenga, kesho nafanya jaribio la #14.

Swali la mwisho: kuna watatu wana 8, 9 na 9.6. Hao nawahesabu wako chini au juu?

#38 Mpima_Damu
Chini, ni namba za leo, haziko 10. Wachome moja kama wenzao.

#39 Furu_Mweusi
Juu, maana kingamwili inayopimika miaka 20 baada ya chanjo ni dalili kwamba mwili uliitikia, haikutokea hewani. Hao ni wa mwisho kuwaza.

#40 Mpima_Damu
#39 bila anti-HBc hujui kama ni ya chanjo au ya kirusi.

#41 Dagaa_Mkavu
Jaribio la kutikisa limeendaje kwanza?